Maji ya Maombi Ndani ya Moteur

Mama yangu si mchawi. Naanza na hilo, ili mwenye kutaka kubisha aondoke mapema.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya kawaida tu. Minibasi ya kanisa, nzee ya kuchoka, ilitoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, asubuhi kupeleka kwaya kwenye arusi kule mjini, Area 36. Mama aliomba kiti. Balagizi, kiongozi wa maombi, akamjibu mbele za watu kwamba vikongwe wakae nyumbani.

"Haya," mama akasema. "Mutanihadisia."

Tukarudi nyumbani, mi na yeye, tukachambua maharage mpaka jioni.

Wakati wa kurudi, gari ilichemka kwenye kilima. Mvuke ukajaa hadi ndani. Na katika mvuke ule, kwaya nzima iliapa, kulikuwa na bibi anakohoa. Walikitambua kikohozi. Cha mama.

Jumapili tulikuta mlango wetu umepakwa majivu, ati ni mlango wa mchawi. Kufika Jumatatu saa kumi jioni, Balagizi na kwaya yake walituambia, kizee awe ametoka kambini, la sivyo watamtoa wenyewe. Mama wa miaka sabini na mbili! Aende wapi?

"Hatoki mutu hapa," nikawajibu.

Bwana yangu, Lwaboshi, ni fundi wa magari. Jumatatu asubuhi aliivuta ile gari mpaka mbele ya nyumba yetu, makusudi, kila mtu aone. Wakaja wengi. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa meupe, kama chai ya maziwa.

"Maji imeingia mu mafuta," akasema. "Joint ya culasse imeungua."

Joint ni kile kibamba chembamba kinachoziba kati ya moteur, yaani injini, na kichwa chake, culasse. Akatoa betri, akaanza kulegeza bolti.

Moteur ikakohoa.

Baridi. Bila betri. Watu wakarudi nyuma. Ikakohoa tena, ndani kabisa, kama mtu mwenye kifua.

"Lwaboshi," nikanong'ona. "Acha."

"Siachi."

Akashika spana tena, nakwambia ukweli. Hakuacha. Bolti moja. Nyingine. Ya mwisho ikatoka. Kikohozi kikakoma.

Akainua culasse, akaifuta, akalaza rula ya chuma juu yake. Mwangaza ukapita chini ya rula. Kichwa kilikuwa kimepinda.

"Nani alitia maji wakati moteur iko moto?"

Douce, msichana wa kwaya, ndo akajibu polepole: "Balagizi. Madumu mbili ya maji ya maombi. Ya kufukuza pepo. Ilikuwa ya baridi, ya mu frigo."

Lwaboshi akainua mpira wa radiatere, ule wa kupitisha maji ya kupoza moteur, uliopasuka zamani. "Muone. Ilichemka sababu ya mupira huu. Ikakufa sababu ya maji yenu. Sasa mumuache mama mukwe wangu!"

Saa kumi ikafika. Hakuja mtu.

Jumanne culasse ilisawazishwa kwa mashine kule mjini, Biwi. Jumatano gari ikawaka, mshale wa joto ukatulia katikati. Nikamkalisha mama kiti cha mbele, tukazunguka soko lote, dirisha wazi. Balagizi alitazama chini. Mi sikutazama chini! Nilimsalimia kwa sauti, nikicheka.

Tuliporudi nikaleta maji, mama anawe tule bugali. Akatoa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki ndani ya kitenge. Nikakumbuka: tangu Jumamosi usiku sijauona.

Nikaufunua mwenyewe.

Kiganjani, kidonda cha moto. Duara kamili, na masikio mawili pembeni. Umbo la kifuniko cha radiatere.

"Mama. Uliungulia wapi?"

"Bugali inapoa, mwanangu."

Nikapaka mafuta. Nikafunga kitambaa, nikakaza fundo. Hata Lwaboshi sikumwambia. Na we unayenisikiliza, kama unataka kuona kile kiganja, mlango ni ule pale. Lakini utapitia kwangu kwanza.