Hadithi Aliyoitaka Karani

Mzee Daimu wa Msamala alizaliwa na binti wa Mwanne, na habari hii aliisikia kwa kinywa cha bibi yake huyo, akanipa mimi kama alivyopewa. Anayetaka kubisha na abishe.

Ulikuwa mwaka ule wa njaa, vita ya Majimaji imekwisha, na Wajerumani wamechoma maghala mpaka mbegu. Asubuhi moja Mwanne alikuwa nje ya nyumba yake hapa Songea, anamenya viazi vya porini. Viazi hivyo usipovilowesha siku tatu vinakuua. Jua lilikuwa zuri, kuku hakuna, watu wachache. Askari mmoja akaja, na siku hiyo hakuja kwa ubaya.

Alisema Karani Salum wa boma amepata habari kwamba Mwalimu Bashiru wa Tunduru, baba yake Mwanne, alipofariki aliacha sanduku la vitabu, na kwamba binti yake anajua kusoma na kunakili. Karani anataka vitabu vya kutisha.

"Vya kutisha?" Mwanne aliuliza.

"Vya kumsisimua mwili. Anasema hapa Songea hakuna cha kumtisha."

Mwanne aliweka kisu chini. Mwanne alimjua vizuri Karani Salum, ingawa yeye karani hakumjua Mwanne. Ndiye aliyekaa mezani na kalamu siku zile za kunyonga. Mzungu wa boma alitaka watu wanaokwenda mtini walingane na orodha, na asubuhi ile mmoja wa orodha alikuwa amekutwa amekufa gerezani. Karani akainua macho. Njiani alikuwa anapita mtu aliyebeba mtumba wa tumbaku kichwani, ametoka Lusewa kuja kuuza. Karani akamwonyesha kwa kalamu. Kazi ikaisha kwa wakati.

Yule wa tumbaku alikuwa Alfani, mume wake Mwanne. Wala dawa ya maji hakuwahi kuinywa.

Basi Mwanne akaenda. Alichotaka ni kuuona uso ule kwa karibu, hata mara moja.

Alimkuta mtu mnene kiasi, mpole, ana harufu ya karafuu, amekaa mkekani, viatu vyake vya Kizungu pembeni, katika chumba chenye dirisha moja na mlango mmoja. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, wakati ambao Mzungu hulala na boma lote huwa kimya. Karani aliupenda wakati huo kwa kusoma.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba, binti. Umeniletea nini?"

Alikuwa amemletea kisa cha jini wa kisimani. Karani alisoma kurasa mbili, akafunga na kidole ndani. "Jini wako anasema sana," alisema. "Anayetisha hasemi." Kesho yake Mwanne akaleta kisa cha mchawi aliyepanda fisi. Karani akacheka. "Fisi? Mwaka huu fisi nimewaona wakila vitu ambavyo mwandishi huyu hajavifikiria." Cha tatu mwisho wake aliujua mapema. Cha nne kilikuwa na mapenzi mengi. Wahenga walisema mteuzi haishi tamaa. Sanduku la Mwalimu Bashiru likafika chini, na karani bado analalamika kama mgonjwa aliyekosa dawa.

"Nataka mahali ninapopajua," alisema. "Nataka watu kama hawa wetu. Kisha nisijue kitakachotokea. Huwezi kuandika wewe mwenyewe?"

Akampa karatasi safi za boma na kibaba cha ulezi.

Mwanne hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Kunegunda, Mngoni, aliyebatizwa na mapadri wa Peramiho. Mume wa Kunegunda alinyongwa siku ile ile, kamba ya jirani na Alfani. Kunegunda ndiye aliyesimama kwenye ua wa boma akaona kalamu ikinyooshwa, ndiye aliyemletea Mwanne habari. Mwanne akamweleza anachotakiwa.

Kunegunda alisogea karibu naye. Kisha akanong'ona, "Wino unatengeneza kwa nini?"

"Kwa masizi na gundi ya mti, mama."

"Masizi ya wapi?"

Walikwenda pamoja jua likiwa utosini. Walichukua masizi kwenye boriti za nyumba ya Kunegunda iliyochomwa, kisha wakafika pale watu walipozikwa pamoja katika shimo moja. Kunegunda akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akachota udongo kwa vidole vitatu. Akaongea na ardhi kwa Kingoni, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kisha akauweka udongo ule katika kibuyu cha wino.

"Andika, mwanangu. Wakitaka kukusaidia, usiwazuie."

Mwanne aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa baba yake. Aliandika habari za karani katika mji usio na jina. Karani ana orodha, mtu mmoja amepungua, na mpita njia amebeba tumbaku. Aliandika jinsi mpita njia alivyocheka kwanza, akidhani ni mzaha. Aliandika jinsi alivyoomba mzigo wake upelekwe kwa mkewe. Kurasa nne. Alipozipeleka, alijua karani akisoma atajitambua. Pengine atamwita askari. Pengine atalia. Mwanne alikuwa tayari kwa yote mawili.

Karani alisoma mpaka mwisho bila kupumzika. Akapiga paja.

"Haya sasa! Hii ndiyo hadithi! Huyu karani wako ni mjanja, nampenda sana."

Mwanne alimtazama. Alitafuta machoni mwake dalili yoyote. Hapakuwa na kitu. Mtu yule alikuwa amesahau.

"Ila aliyenyongwa hana jina," karani aliongeza. "Mpe jina, atatisha zaidi."

"Anaitwa Alfani," Mwanne alisema.

"Jina zuri. Endelea, kesho uniletee."

Daimu anasema bibi yake alikuwa akifika hapa, hata uzeeni, anauma midomo. Kunyongwa kwa mumewe aliweza kukubeba. Kusahauliwa kule ndiko kulikomchoma. Alirudi nyumbani akaandika kwa hasira mpaka kalamu ya tete ikapasuka. Katika kurasa hizo Alfani alitoka ardhini, akaanza kutembea kwenda kwa karani, mchana kweupe, hatua moja kila siku. Kurasa nne tena. Alizihesabu kabla ya kuzikunja.

Kesho yake alipoingia, karani hakucheka. Alikuwa amezisoma tangu asubuhi, baada ya askari kuzichukua nyumbani kwa Mwanne.

"Hapa pa kikohozi umeweza," alisema. "Pale karani anapokaa mkekani, akasikia mtu anakohoa nyuma ya mlango, anakohoa kama mwenye koo lililobanwa. Nilisoma mara tatu."

Mwanne hakuwa ameandika kikohozi.

"Ni ukurasa wa ngapi, Bwana?"

"Wa tano."

Mwanne alihesabu tena kichwani. Alitaka kusema, akakumbuka maneno ya Kunegunda, akafunga mdomo.

Ikawa hivyo siku nne. Akipeleka kurasa nne, karani anasoma tano. Siku iliyofuata, sita. Karani akaanza kukonda. Harufu ya karafuu ikamtoka, ikaja harufu ya jasho. Mkeka wake aliusogeza mbali na mlango. Kesho yake akausogeza tena. Kusoma hakuacha.

"Binti," alimwambia siku ya tano, kwa sauti ndogo. "Kwa nini unabadilisha mwandiko?"

"Sijabadilisha."

Akamnyooshea karatasi. Kurasa za kwanza zilikuwa za Mwanne. Ukurasa wa mwisho haukuwa wake. Mistari ilikuwa imenyooka, herufi ndogo, safi, za mtu wa ofisini.

"Huu ni mwandiko wa nani?" Mwanne aliuliza.

"Ni wangu," karani alisema. "Wallahi sikuandika. Lakini ni wangu."

Ukurasa ule ulikuwa na maneno machache. *Alfani amefika mlangoni. Ameweka mzigo chini.*

Nje jua lilikuwa kali. Boma lilikuwa kimya. Nyuma ya mlango kitu kizito kiliwekwa chini.

Wote wawili walisikia.

Kisha mtu akakohoa.

Harufu ya tumbaku kavu ikapita chini ya mlango, ikajaa chumba. Mwanne aliijua. Alilala nayo miaka saba. Machozi yalimtoka pasipo kutaka. Karani aliyaona machozi yale, na hapo ndipo alipoanza kuelewa.

"Alfani ni nani?" alinong'ona.

"Ni mume wangu."

"Alikuwa... amebeba..."

"Ndiyo."

Karani alifumba macho, akafumbua. "Ilibaki nafasi moja tu," alisema. "Mzungu alikuwa anapiga kelele. Binti, hata uso wake siukumbuki."

"Najua."

Karani akasukuma kalamu mkekani mpaka kwenye goti la Mwanne. Akasukuma kibuyu cha wino, kile alichokuja nacho Mwanne. Akatafuta karatasi moja tupu.

"Andika mwisho," alisema. "Andika kwamba karani aliomba radhi. Andika amesamehewa, yule akachukua mzigo wake akaenda zake. Utaandika? Mimi nina watoto Bagamoyo."

Mwanne alishika kalamu. Angeweza. Alimwambia Daimu waziwazi kwamba angeweza, mkono ulikuwa wake, na hakuna aliyemshika. Alifikiria watoto wa Bagamoyo. Alifikiria Alfani alivyocheka, akidhani ni mzaha. Nyuma ya mlango palikuwa kimya sasa. Kimya cha mtu anayesubiri aitwe.

Akachovya. Akaandika neno moja.

*Akaingia.*

Akasimama, akaenda mlangoni, akafungua. Nje hapakuwa na mtu. Kulikuwa na jua, vumbi na askari anayesinzia mbali chini ya paa. Mwanne alitoka. Aliuacha mlango wazi. Alipofika hatua ya kumi aliusikia ukifungwa nyuma yake, taratibu, kama mtu anayefunga asimwamshe mgeni.

Hakugeuka.

Saa kumi Mzungu alimwita karani wake. Askari waligonga, wakaita, wakavunja. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Ndani walikuta mkeka, kofia ya karani na kibuyu kimepinduka. Karani hakuwamo, wala viatu vyake. Dirisha lilikuwa dogo, mbuzi asingepita. Walimtafuta njia ya Lindi, wakamtafuta mpaka ng'ambo ya Ruvuma kwa Wareno, maana walidhani ametoroka. Mwanne aliulizwa, akasema alimwacha akisoma.

Kunegunda alipopewa habari alimshika Mwanne mikono. "Uliandika nini?"

"Akaingia."

"Nani? Wapi?"

"Sikuandika nani, mama. Wala wapi."

Kunegunda aliachia mikono yake. "Basi yeyote anaweza kuingia popote," alisema, na tangu siku ile hakumkaribisha tena.

Mwanne alihama. Alikwenda Lusewa, kwa ndugu za mumewe, akapewa kibanda na shamba. Alikula, akanenepa, akalala usingizi mzuri. Daimu anasema bibi yake hakujuta hata siku moja, na alilisema hilo bila kuulizwa.

Mvua za kwanza zilinyesha Novemba. Siku hiyo Mwanne alishinda ndani peke yake, macho wazi, akisuka ukili. Mvua ilipokatika, wifi yake Zena alikuja kumjulia hali. Akasimama uani, hakusogea.

"Wifi," aliita. "Una mgeni?"

"Sina. Kwa nini?"

"Njoo uone."

Mwanne akatoka. Matope yalikuwa laini, hayajakanyagwa na mwingine. Nyayo zilitoka upande wa Songea, zikakata ua, zikaja mpaka kizingitini. Zilikuwa za mtu mwanamume, miguu mitupu, hatua ndefu za mtu anayerudi kwake. Nyuma yake, karibu kabisa na kisigino chake, palikuwa na alama mbili za viatu. Mwaka ule Lusewa nzima hapakuwa na mwenye viatu. Nazo hazikupiga hatua. Zilikuwa mifereji miwili mirefu, iliyochimbwa na mtu anayeburutwa huku akijizuia.

Zena alizunguka nyumba yote akitafuta mahali nyayo zile zilipotoka tena nje.

Hazikutoka.