Zita Anaitika

Mwanzoni Shamsi alidhani ni hitilafu ya maiki. Yeye ndiye fundi mitambo wa studio ndogo iliyo nyuma ya duka la baba yake pale Majengo, na siku hiyo walikuwa wakiandaa wimbo wa Vitus kwa ajili ya tamasha. Alivua hedifoni, akazipuliza, akazivaa tena.

"Vitus, mshikaji, uliongeza sauti ya mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Sikiliza mwenyewe. Mama akiita, kuna mtu anaitika."

Vitus alisikiliza. Gitaa lake likaingia, kisha ile sauti ya mwanamke iliyompa umaarufu: *Zita! Zita we!* Na nyuma yake, kama mtu aliye chumba cha pili, katoto ka kike kakajibu, "Abee."

Wimbo ulikuwa umetoka miezi mingi iliyopita, na haukuwahi kuwa na kitu hicho.

Tuseme ukweli kuhusu Vitus. Alivaa shanga na kuwaambia watangazaji wa redio kwamba yeye haimbi muziki wa plastiki, anaimba udongo wa Ufipa. Kifipa chenyewe hata kuombea maji alibabaisha. Nyimbo zake zilikuwa nzuri ila za baridi, na hilo lilimuuma. Ndipo Zita, binti wa mama yake mdogo Avelina, alipofariki kwa homa kule Mpui. Vitus akaenda msibani, akajiinamia kama anayelia, simu ikirekodi ndani ya mfuko wa shati. Avelina alimwita mwanawe kwa jina, kama wanawake wa ukoo ule wanavyowaita marehemu wao, kisha akamwambia maneno ya kumruhusu aondoke. Maneno hayo yalikuwa marefu na sauti ilikuwa imemkauka, hayakuendana na gitaa. Vitus aliyakata. Mwito akaurudia wimbo mzima.

"Huu sasa ndio muziki wa kweli, unatoka moyoni," watu walisema. Vitus akaimeza aibu, akapiga picha na mashabiki.

Sasa kila walipoucheza, jibu lilisogea. Likatoka nje ya hedifoni, likawa mlangoni, kisha nyuma ya kiti. Shamsi alimleta shehe wa mtaa. Shehe akasoma dua kwa utulivu, kisha akasikiliza.

"Jini hufukuzwa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu kaitwa kwa jina lake. Nendeni kwa mama yake."

Vitus alisitasita, maana kwenda Mpui ni kukiri, na akiwa bado anasitasita, mchana kweupe, kompyuta ikiwa imezimwa na upepo wa kiangazi ukitikisa bati, ikaingia harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, zikafuata nyayo ndogo zisizo na viatu zikitembea taratibu juu ya sakafu, zikizunguka meza, zikisimama, zikizunguka tena kama za mtoto aliyetumwa akasahau alikotumwa, na mkono mdogo wa baridi ukamshika kidole, na sauti ikamuuliza, "Kaka, mama ananiitia nini?"

Alifika Mpui jioni ileile. Avelina alikuwa akipepeta ulezi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla hivi?"

Akamwambia yote, macho chini. Ungo ulimponyoka Avelina, ulezi ukamwagika.

"Na pale nilipomwambia aende, asigeuke nyuma?"

"Niliyakata maneno hayo, mama mdogo. Nisamehe."

"Basi mwanangu anaitwa kila siku, wala hakuna anayemwambia aende." Hakupiga kelele, na Vitus alitamani angepiga. "Nipeleke. Nitamruhusu mwenyewe."

Asubuhi Avelina alisimama katikati ya studio, amejifunga kanga kiunoni. Shamsi akaufungulia wimbo. *Zita! Zita we!*

"Abee, mama."

Ilitoka palepale, chini ya meza, safi kabisa. Avelina alifungua mdomo kusema maneno yale. Akaufumba.

"Mama mdogo," Vitus alinong'ona, "sema."

Avelina aliketi sakafuni, akanyoosha mikono kuelekea chini ya meza.

"Rudia," alisema.

"Mama mdogo, msikilize anavyohema. Amechoka."

"Ulipomwita wewe hakuchoka? Rudia."

Shamsi alishatoka nje. Vitus alitaka kukataa, akatafuta neno la kusema, na kila neno alilolipata lilimrudia yeye mwenyewe. Akabonyeza.

"Abee," mtoto alijibu, safari hii akilia, na Avelina akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Tena," alisema.