Mkasi Ndani ya Gunia

Kila alasiri, sare ya shule ikishavuliwa, Chiriku alikwenda kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake kuokota nyuzi sakafuni na kushona vifungo. Jina hilo alipewa na wateja kwa vile mdomo wake haukujua likizo. Mwaka mzima aliomba kukalia cherehani. Jibu la mama lilikuwa lilelile, "Subiri, mwanangu, zamu yako itafika."

Basi akaletwa msichana wa miaka kumi na mitano, ambaye pamoja na wenzake alivunja dirisha la chumba hichohicho wakabeba vitambaa. Hakimu hakumfunga. Alimpa miezi mitatu ya kufanya kazi palepale alipoiba, chini ya macho ya fundi mwenyewe, mama yake Chiriku. Akiiba tena, atapelekwa shule ya maadilisho, mbali na kwao.

Siku ya pili tu, mama akamkalisha kwenye cherehani na kumpa karatasi ya daftari. Ndivyo wanagenzi walivyoanza pale: sindano bila uzi, wanafuata mstari mpaka matundu yanyooke.

"Taratibu, mama," fundi alimwambia. "Mguu usiwe na haraka."

Mama! Chiriku aliona wivu kusikia mgeni akiitwa kwa mapenzi hivyo. Mtu anatuibia, halafu anabembelezwa kama yai? Moyoni akawa anamwita Mwizi.

Ijumaa aliusukuma mkasi mkubwa wa mama chini kabisa ya gunia la vipande vya nguo. Kisha akanyamaza kimya, jambo ambalo lingemshtua yeyote aliyemjua.

Mkasi ukatafutwa wee, hata ofisa wa ustawi wa jamii akawakuta wanautafuta. Alikuja kila Ijumaa kumkagua yule msichana. Akafungua daftari lake, akamgeukia msichana.

"Umeuchukua wewe?"

"Sijauchukua. Lakini nani ataniamini? Andika tu." Msichana akakusanya karatasi zake, akazikunja na kumkabidhi fundi. "Ahsante kwa kunifundisha."

Karatasi ya juu matundu yake yalikuwa yamenyooka kabisa. Chiriku aliitazama, akaitazama kalamu ya ofisa, akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Uko kwenye gunia. Mama, mimi ndiye mwanao. Mbona yeye kwanza?"

Mama alikaa chini, akamvuta karibu. "Wewe una miaka mingi ya kujifunza kwangu. Yeye ana miezi mitatu, na akitoka hapa mikono mitupu, wale wenzake wanamsubiri. Yeye alituibia vitambaa. Wewe nusura umwibie maisha yake. Je, nikufukuze?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Basi ujue. Nguo ikichanika, fundi haitupi. Anaishona, na aliyeichana anashika sindano. Mtoto aliyekosa naye ni hivyohivyo. Mwombe radhi. Halafu leo unaanza karatasi."

Chiriku alifuta machozi, karibu atabasamu.

"Na mwalimu wako ni yeye," mama akamalizia.

Ofisa akafunga daftari bila kuandika kitu. Chiriku akaomba radhi kwa sauti ndogo. Yule msichana alimtazama akiwa amekaza uso. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi.

"Vua viatu kwanza, uisikie pedali," alisema. "Na mguu usiwe na haraka."

"Sawa, dada," akajibu Chiriku, na siku hiyo hakuongeza neno.