Chumvi ya Kona ya Nane

Siku za mwisho wa msimu, kijijini kwetu Darresefid, kila mtu huamka mapema. Si kwamba tunapenda baridi. Theluji ya majira ya kuchipua ina vituko vyake: usiku inaganda, alfajiri ni ngumu kama sakafu, saa tatu inakuwa tamu kwa kuteleza, na ikifika saa tano imeshageuka uji. Anayelala anaamkia uji.

Taraneh, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuwa mlalaji. Ijumaa hiyo alikunywa chai yake amesimama, akakunja jibini na jozi ndani ya mkate, akachukua skii zake, mbao mbili nyembamba za kutelezea thelujini, nyuma ya mlango.

"Kaa ule kama binadamu," Bibi yake alimwambia.

"Bibi, leo ndiyo leo!"

"Hata farasi wa mashindano hula kwanza, mwanangu."

Lakini Taraneh alikuwa ameshatoka. Zilikuwa mbio za mwisho za mwaka, na msichana atakayeshinda angeingia timu ya watoto ya mkoa. Nafasi ilikuwa moja tu. Taraneh aliitamani tangu akiwa na miaka tisa. Roya, rafiki yake wa nyumba ya pili, aliitamani pia, na Roya alikuwa na kasi zaidi. Kijiji kizima kilijua hivyo. Taraneh naye alijua, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyotaka kukiri.

Chini kijijini milozi ilikuwa imechanua na njia zilijaa matope. Huko juu, kwenye mteremko, Mwalimu Farangis alikuwa akigawa mifuko ya chumvi ya mawe. Mwanamke huyu aliwahi kuwa bingwa, na sasa anafundisha watoto wetu. Kwetu hakuna mbio za majira haya bila chumvi. Ukiinyunyiza juu ya theluji iliyoanza kulainika, theluji inakaza na kukaa imara kwa saa moja au mbili. Tena ni desturi yetu kila mshindani kupewa kona yake aitengeneze, ili anayeanguka asije akasema wakubwa ndio walioharibu njia.

"Taraneh, kona ya nane," alisema Mwalimu. "Inatazama jua, kwa hiyo italainika kabla ya nyingine. Nyunyiza kama unapanda mbegu, juu mpaka chini, halafu ikanyage kwa skii. Usimwage rundo. Chumvi ikiwa rundo inatoboa theluji."

"Sawa, Mwalimu."

Alianza vizuri. Alinyunyiza sehemu ya juu ya kona, akaikanyaga hatua kwa hatua. Glavu zililowana na vidole vikaanza kuuma. Hapo akapita binamu yake Siavash, akiteleza kwa madaha juu ya ubao wake mmoja.

"We Tara! Unatengeneza njia au unaunga mchuzi?" alicheka. "Wenzako wako kibandani wanapaka skii nta ziteleze, wewe bado unatia chumvi tu!"

Taraneh akatazama chini. Nusu ya kona ilikuwa bado. Akajiambia, "Mimi mwenyewe nitapita juu. Wanaotaka kupita chini, shauri yao." Akaangaza huku na huku, akamwaga chumvi iliyobaki nyuma ya jiwe, akaifukia kwa theluji. Kisha akateremka mbio kwenda kupaka nta.

"Kona ya nane tayari?" Mwalimu aliuliza.

"Tayari."

Mbio zikaanza. Taraneh alikuwa wa tatu kuteremka. Alipofika kona ya nane alipita juu kabisa, theluji ikamshika vizuri, akamaliza kwa muda bora kuliko waliomtangulia. Baba yake, fundi wa lifti ya viti inayopandisha watu mlimani, alipiga mluzi kwa furaha.

Roya alikuwa wa saba. Aliteremka akikata kona kwa ukaribu kiasi kwamba watu walinyamaza kumtazama. Kwenye kona ya nane alipita chini, kwa kuwa ndiyo njia fupi na yeye haogopi. Skii yake ya kushoto ikazama ghafla. Ikachomoka mguuni, naye akabingirika mpaka kwenye wavu wa usalama kando ya njia.

Hakuumia. Alisimama akipangusa theluji shingoni, uso umemwiva. Watu wakasema alikuwa na kasi kupita kiasi, na haraka haraka haina baraka. Roya mwenyewe aliamini hivyo. Mpaka mwisho hakuna aliyeufikia muda wa Taraneh.

"Nilipima vibaya," alimwambia Taraneh huku machozi yakimtoka. "Hongera, Tara. Kama si mimi, bora wewe."

Akamkumbatia. Taraneh aliona aibu, akainama kufungua skii zake.

Mchana Bibi alipakua supu nzito ya tambi na maharage, chakula ambacho Taraneh hajawahi kukikataa. Bibi akaonja, akakunja uso.

"Haijakolea chumvi. Nipitishie hicho kikopo."

Taraneh akakishika kikopo, akaangua kilio. Alieleza yote: jiwe, rundo, vidole vilivyouma, Roya na kumbatio lake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Wazee wetu walimsema mtu wa namna hiyo," alisema taratibu. "Amekula chumvi ya watu, kisha akavunja chombo cha chumvi hiyo. Walikuamini, wakakukabidhi kona moja tu, mwanangu. Haya, Mwalimu Farangis bado yuko mlimani. Viatu vyako viko pale."

Mwalimu alikuwa kibandani akifunga pamoja fito za kuonyeshea njia. Taraneh alizungumza akitazama sakafu.

"Nani mwingine anajua?" Mwalimu aliuliza alipomaliza.

"Bibi tu. Na mimi."

"Ungeweza kunyamaza. Kesho kutwa ningepeleka jina lako."

"Ningekuwa naenda kwa nafasi ya Roya, Mwalimu."

Mwalimu akamchukua mpaka kona ya nane. Nyuma ya jiwe chumvi ilikuwa imechimba shimo hadi ardhini, majani ya kahawia yakichungulia chini.

"Matokeo yako nayafuta," alisema. "Usiku theluji ikiganda, kesho wasichana watarudia mbio bila wewe. Kona ya nane utaitengeneza wewe. Na Roya utamwambia kwa mdomo wako, si mimi."

Roya alimfungulia mlango, akasikiliza, macho yakamtoka.

"Nimelia mpaka pua imevimba, nikijiona mjinga, kumbe ni wewe!"

"Nisamehe, Roya."

"Sijui. Leo siwezi." Akaanza kufunga mlango, akaufungua tena. "Na kesho ukiacha hata punje moja, mfuko mzima nakumwagia kichwani!"

Usiku ule Taraneh aliomba baridi kama wengine wanavyoomba mvua. Na baridi ilikuja. Asubuhi jua lilipoanza kulamba kona, alinyunyiza chumvi juu, katikati na chini kabisa. Akaikanyaga mara tatu, glavu zikalowa, vidole vikauma. Siavash alikuja kutania, akamwona uso wake, akavua ubao na kumsaidia kubeba mfuko.

Roya aliteremka. Kwenye kona ya nane alipita chini, palepale alipoanguka jana. Skii zikakwaruza theluji ngumu kwa sauti kavu, wala hazikutikisika. Akafika mwisho akiwa wa kwanza, watu wakashangilia, na Taraneh akajikuta anapiga makofi kwa moyo wote.

Mwalimu Farangis akawakusanya watoto wote.

"Chumvi ikishafanya kazi yake, hakuna anayeiona," alisema. "Anayepita juu yake anaamini tu kwamba mwenzake aliinyunyiza. Kazi isiyoonekana ndiyo ya kufanya kwa uaminifu zaidi, maana kuna mtu atakayeikanyaga kwa kasi yake yote. Na ukikosea, sema mapema, theluji ingalipo. Ikishayeyuka, hakuna pa kurudia."

Walipokuwa wakikusanya fito, Taraneh alimsogelea.

"Mwalimu, mwakani kona ya nane nani atapewa?"

Mwalimu alifungua kinywa, lakini Roya alimwahi.

"Mpe Tara," alisema huku akifunga skii zake pamoja. "Nimeshaipita kwa kasi yangu yote, na bado nimesimama."