Jina Tuliloliacha Malolo

Siku waliyokuja watu wa televisheni ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Nilikuwa uani kwetu Lionja natenganisha korosho na mabibo. Mwanangu Salimu alikuwa amelala kwenye mkeka, na Bibi Biasha, mama yake mama yangu, alikuwa anapepeta kunde huku akilalamika kwamba kuku wa jirani hawana adabu. Gari jeupe likasimama barabarani, wakashuka watu watatu na kamera.

Walikuja kwa ajili ya Zulfa. Zulfa ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mama yake alipofariki, bibi alimchukua, na mimi nikalala naye kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Tangu utotoni, akiimba watu wanaacha jembe. Mwezi wa saba usaili wa shindano la kuimba ulipofika Ruangwa, nilimsindikiza. Dereva wa bodaboda, Kipriani, alitupeleka na akatusubiri kutwa nzima. Asubuhi ile ya baridi alimvua Zulfa kitenge kilicholowa umande, akamvalisha sweta lake mwenyewe. Zulfa akachaguliwa. Sasa alikuwa Dar es Salaam na wenzake watatu waliobaki, na kila Jumamosi watazamaji walipiga kura kwa simu, mmoja akatolewa.

Mtangazaji aliitwa Fauzia. Alikaa chini nasi, akala muhogo wetu bila kukunja uso, akampakata mwanangu alipoamka. Nilimpenda. Bibi alipoingia ndani kuswali adhuhuri, Fauzia akanisogelea.

"Mama Salimu, mdogo wako yuko hatarini. Kuna Zulfa wawili. Huyu wenu na mwingine wa Tanga. Watu wanachanganya, kura za wenu zinakwenda kwa mwenzake. Nataka jina la kumtofautisha. Utotoni mlikuwa mnamwitaje?"

"Mwenyewe kasemaje?"

"Kakataa. Anaona haya." Akacheka kidogo. "Lakini Jumamosi hii atatoka. Nakwambia ukweli."

Kwetu msichana akichezwa unyago, jina lake la utotoni linaachwa porini. Sisi tulichezwa Malolo, kwao bibi, na bibi ndiye aliyekuwa kungwi. Siku ya kutoka unaogeshwa, unavishwa kanga mpya, unapewa jina jipya, kibanda kinachomwa moto, unaambiwa tembea usigeuke nyuma. Zulfa alipotoka, mimi nilimshika mkono. Kuanzia hapo kumwita mtu jina lile ni kumvua nguo mbele za watu, na zamani ukilitaja unatozwa kuku. Vijana wa sasa wanaona ni mambo ya kizee tu. Nami niliona hivyo.

Jina lenyewe siliandiki hapa. Nimeshalitoa mara moja, inatosha.

Nililisema. Kwa sauti ndogo, kwenye kinasa sauti walichonibania kifuani. Kwa kiasi kikubwa ilikuwa ni mapenzi, Mungu anajua. Lakini ile kamera ilikuwa imenielekea mimi, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo akasubiri jibu langu namna ile.

Jumamosi, baada ya magharibi, tulijaa kwenye kibanda cha video cha Masoudi. Wenye watoto mgongoni alituingiza bure na kututafutia viti vya mbele. "Anayetaka kulia akalie nje," alitangaza, "humu ananiharibia sauti ya spika."

Zulfa akatokea, amependeza. Kisha chini ya picha yake yakapita maandishi makubwa ya njano: tuma neno fulani kwenda namba fulani. Neno lenyewe lilikuwa lile jina.

Vijana wakapiga kelele za furaha. Wanawake watu wazima wakanyamaza. Mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Bibi aliinama akatazama miguu yake, na hakuinua kichwa mpaka kipindi kilipokwisha.

Zulfa hakutoka. Kura zake zilipita za wote.

Asubuhi ya Jumatatu Kipriani alipita na pikipiki akitangaza njia nzima. "Haya, mama Salimu! Kura yako kwa nani?" Akalitaja kwa sauti kubwa, akiburuza kama mnadi wa sokoni.

"Abee," mtu akaitika.

Ilitoka kwenye mikorosho. Sauti ya mtoto wa kike.

Kipriani akazima pikipiki. "Nani huyo? Mtoto wa nani hajaenda shule?" Akacheka, akaliita tena.

"Abee."

Safari hii ilikuwa karibu. Kati yetu na mikorosho palikuwa uwanja mtupu niliokuwa nimeufagia, na hapakuwa na mtu. Kipriani hakucheka tena. Aliisukuma pikipiki kwa miguu mpaka barabarani, hata kuiwasha aliogopa. Salimu, aliyekuwa na miezi minane, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Aligeuza kichwa polepole kutoka kwenye mikorosho hadi kwenye mlango wetu, kama anayemtazama mtu akipita.

Siku ile ile Zulfa alipiga simu.

"Dada Mwamina. Nani kawapa lile jina?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Dada, nikiimba kuna mtu anaimba kwa chini. Fundi wa sauti ananiuliza nani kafungua maiki nyingine. Hakuna maiki nyingine." Akaanza kunong'ona. "Ananiuliza mbona nilimwacha kule."

"Nani?"

"Sauti yangu inapungua, dada. Kila wakipiga kura inapungua. Niambie aliyelisema ni nani. Bibi atajua la kufanya."

Ningeweza kusema hapo. Alikuwa mdogo wangu, na hakuwa na mwingine wa kumkimbilia.

"Labda ni bibi mwenyewe," nikasema. "Umri umekwenda. Anasahau."

Kisha akasema, "Basi usimgombeze. Maskini bibi." Akakata simu.

Jumamosi ya pili niliona kwa macho yangu. Zulfa aliimba vizuri kuliko siku zote. Majaji walisimama. Mmoja alisema hajawahi kusikia sauti mbili ndani ya mtu mmoja, ya mwanamke na ya mtoto. Mwisho wa wimbo Zulfa alifunga mdomo.

Wimbo ukaendelea.

Haukuendelea sana. Pumzi moja tu. Midomo yake imefumba, macho yamemtoka, na wimbo unatoka.

Mume wangu Twalha alinishika mkono. "Umeona?"

"Picha imechelewa hiyo," alisema Masoudi, akakipiga king'amuzi kofi. Lakini aliyasema hayo akiwa anarudi nyuma.

Alhamisi iliyofuata bibi alituita sote uani. Alikuwa ameshazungumza na Zulfa kwa simu, na kusema kweli hakumsikia vizuri, maana sauti ilikuwa karibu kwisha.

"Yule mtoto hatukumuua," bibi alisema. "Tulimwacha tu, akatulia. Akiitwa, anafuata. Na sasa anaitwa na nchi nzima. Anayeweza kumrudisha ni yule aliyemtoa. Aende palepale, aseme kwa mdomo wake, mimi ndiye niliyekuita, nimekosa. Basi. Si jambo gumu." Akatutazama mmoja mmoja. "Ni nani?"

Kuku walikuwa wanaparura. Nikamsikia Twalha akipumua.

Bibi alinitazama mwishoni. Alinitazama muda mrefu, bila ukali. Macho yale yale aliyokuwa ananitazama nayo nikiwa mwali, nikitetemeka kwa baridi.

"Basi ni mimi," akasema. "Uzee huu."

Nami nikamwacha.

Jumamosi ya fainali tuliondoka alfajiri, bibi na mimi na Salimu mgongoni. Tulipanda gari hadi Ruangwa, kisha bodaboda mbili hadi Malolo. Mama mmoja kijijini alinipa maji ya kunywa na kivuli cha kunyonyeshea, na hakuuliza tunakwenda wapi. Alipoona kifurushi cha unga mkononi mwa bibi alituongezea chake.

Pale mahali hapana kitu. Miti michache na majani. Jua lilikuwa kali, saa nne hivi. Bibi alipiga magoti kwa taabu, akamwaga unga polepole mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo. Akalitaja lile jina. Kisha akasema, "Nimekuita mimi, Biasha. Nimekosa. Rudi ukae, mjukuu wangu."

Ndege walinyamaza.

"Si wewe, bibi."

Ilisemwa kwa upole. Mtoto aliyefundishwa adabu. Ilitoka nyuma yangu, usawa wa kiuno changu, karibu sana na miguu ya mwanangu.

Bibi hakugeuka. Alibaki amepiga magoti, mikono imejaa unga. Alisubiri. Sasa najua alikuwa ananisubiri mimi. Nilihitaji maneno manne tu. Nilifungua mdomo. Nikafikiri: bibi atajua nilimsingizia. Zulfa atajua. Kijiji kitajua. Nikafikiri pia kwamba fainali ni jioni, na kwamba akishinda, yote yatakuwa yamekwisha.

Nikafunga mdomo.

Kitu kikauachia mguu wa Salimu. Sikuwa nimejua kwamba umeshikwa.

Bibi aliinuka kwa kujishikilia kwangu. Akafuta unga mikononi. "Twende," alisema. "Mtoto asichomwe na jua."

Jioni kibanda kilifurika mpaka nje. Zulfa wa Tanga aliimba vizuri sana, na alipomaliza alimpitia Zulfa wetu akamkumbatia muda mrefu, maana aliona hali yake. Nilimwombea dua yule binti. Kisha wetu akaimba. Sauti ilikuwa ya mtoto tupu. Yeye mwenyewe alikuwa anapanua mdomo tu, akichelewa nyuma ya maneno, kama mtu anayejifunza wimbo wa mwingine.

Akashinda. Karatasi za dhahabu zikamwagika. Fauzia alikuwa analia kwa furaha, akamwekea maiki mdomoni. "Unamshukuru nani?"

Zulfa alitikisa kichwa. Akashika koo lake. Akaifumba midomo, akaibana kwa vidole, mbele ya nchi nzima.

Na sauti ikatoka.

"Namshukuru dada Mwamina wa Lionja. Yeye ndiye aliyeniita."

Watu waliokuwa kule ukumbini wakapiga makofi. Waliona ni jambo zuri, binti anamkumbuka dada yake. Kibandani hakuna aliyepiga makofi. Viti vililia. Walikuwa wanageuka, mstari kwa mstari, mpaka wote wakawa wananitazama. Masoudi akazima televisheni. Nadhani alitaka kunisitiri. Lakini ilipozimwa, kila mtu aliweza kusikia ninavyolia.

Bibi alikuwa kando yangu. Alimtoa Salimu mgongoni mwangu, akanifuta uso kwa kanga yake, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko macho ya watu wote.

Nilikwenda Malolo peke yangu Jumatatu. Nilipiga magoti nikasema yote, nikayarudia mpaka koo likakauka. Mimi ndiye niliyekuita. Nimekosa. Rudi. Ndege waliendelea kulia. Hakuna aliyenijibu.

"Atarudi kufanya nini?" bibi aliniambia niliporejea. "Keshapata pa kukaa."

Zulfa alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Zawadi zake alizipokea, nyimbo hakurekodi. Madaktari walimtazama koo, wakasema ni zima. Sasa anaishi nasi. Mimi nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba ni mimi nililisema na ni mimi nilimsingizia bibi. Nilitegemea anipige. Alinipapasa kichwa kwa mkono wazi, mara mbili, kama mtoto anavyompapasa mbuzi.

Ni mpole mno. Ananipunguzia kazi. Hatoki mbali na nyumba, na watu wakija hujificha nyuma yangu. Ana miaka ishirini na minne. Nguo zake nimezipunguza mara mbili, Twalha akasema amekonda tu, na mimi nikakubali hivyo. Ni rahisi kukubali.

Juzi mchana nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Zulfa akaja akasimama mbele yangu, ameshika mdomo, machozi yanamlengalenga. Nikamwambia, "Fungua nione." Akatema kitu kiganjani mwangu.

Kilikuwa jino la mbele. Dogo, jeupe, lisilo na mzizi. Jino la utoto.

Nilimfungua mdomo, nikaona pengo lenyewe, na kando yake mengine mawili yanalegea.

Zulfa alinyoosha kidole juu, kwenye paa letu, akasubiri nilirushe.