Kutoka Modinagar Hadi Ghaziabad

Parul na Hemant walikutana kituo cha treni cha Anand Vihar, asubuhi watu wamefurika, ngazi ya umeme ilipong'ang'ania mtandio wa manjano wa Parul. Hemant ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu, ngazi ikasimama.

"Dada, ngazi imekupenda," alisema, akiuchomoa mtandio taratibu.

"Angalau yenyewe haina maneno mengi," Parul akamjibu.

Miezi minane wakasafiri pamoja kwenda kazini Delhi, wakapendana. Parul alikuwa binti wa wenye mashamba. Hemant alizaliwa na mshona viatu. Kwa akina Parul, watu walishauawa kwa kuoana na tabaka la chini. Wakaomba ndoa ya serikali Ghaziabad, kimyakimya, lakini sheria ikataka majina yao yabandikwe ubaoni siku thelathini, yeyote ayasome.

Siku ya ndoa Parul alipanda treni kwao Modinagar, behewa la wanawake, amevaa nguo za kazini asije akashtukiwa. Milango ikijifunga, alimwona kaka yake, Kuldeep, akirukia behewa la nyuma.

Akampigia Hemant. Simu imezimwa. Akarudia mara tano. Imezimwa. Ameniacha, akawaza.

Treni ilikuwa inakata mashamba ya miwa kama mshale. Kuldeep akaja akipenya kati ya watu mpaka mlango wa behewa la wanawake, mlinzi wa kike akamzuia.

"Humu kina mama tu, kaka."

"Yule ni mdogo wangu."

"Utamwona mkishuka."

Kuldeep akabaki pale, macho hayambanduki Parul. Simu ikaita, namba ngeni.

"Parul? Ni mimi. Nimeazima simu."

"Kwa nini umezima yako?"

"Ba'mdogo wako kanipigia alfajiri. Kasema umeghairi, na mimi nikionekana nitakatwa miguu. Nikaogopa. Umeghairi?"

"Niko njiani, mpumbavu wewe. Kaka Kuldeep yumo humu ndani."

"Pitiliza basi. Shuka mbele, jifiche."

"Nijifiche mpaka lini? Wewe uko wapi?"

"Hapa Ghaziabad, jukwaani."

"Usitoke hapo, mpenzi."

Ghaziabad milango ikafunguka. Parul alishuka. Hemant akamshika mkono. Kuldeep akawafuata, akasimama mbele yao, akaingiza mkono ndani ya koti. Parul akafumba macho.

"Chukua," Kuldeep akasema.

Ilikuwa hati halisi ya kuzaliwa ya Parul, imefungwa kwenye kitambaa cha mama yao.

"Mama kasema bila hii ofisini watawakataa. Ba'mdogo kanituma nikurudishe, nitamwambia nimekukosa."

"Kaka..."

"Ukishaolewa usikae huku, nenda mbali. Na usipige simu nyumbani. Hata mama usimpigie."

Hakumgusa. Alivuka upande wa pili kungojea treni ya kurudi, uso ameupa ukuta.

Saa moja baadaye, katika ofisi ya ndoa, Parul alitia sahihi kwa mkono uliotetemeka hata karani akamuuliza kama analazimishwa.

"Hapana," akasema. "Naogopa tu."