Michirizi kwenye Liki za Babu Cuddy

Kila asubuhi kabla ya shule, Dorrie Heslop alikunywa chai, akala mkate kwa siagi, akavaa viatu vya mpira na kwenda bustanini kuzisalimu liki. Ndiyo, kuzisalimu. Babu Cuddy aliamini kwamba liki isiyosalimiwa hainenepi, na katika kijiji cha Netherlaw, Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyethubutu kubishana na Babu Cuddy kuhusu liki.

Kwingineko duniani, liki ni ndugu wa kitunguu mwenye shina nene jeupe na majani marefu, na mwisho wake ni kwenye supu. Netherlaw, kutia liki ya mashindano kwenye supu kungekuwa sawa na kumkaanga farasi wa mbio. Kila Septemba liki ziliogeshwa, zikalazwa juu ya kitambaa cheupe katika klabu ya wachimba makaa wastaafu, na wazee waliovaa suti zao za mazishi wakasimama kimya wakati mwamuzi akizipima unene.

Liki hizo hazikupandwa kwa mbegu. Liki bora ya mwaka iliachwa itoe ua, na juu ya ua hilo vikachomoza vitoto, kila kimoja kikiwa nakala kamili ya mama yake. Hivyo ndivyo baba yake Babu Cuddy alivyofanya tangu mgodi ulipokuwa mpya. Kwa hiyo liki ya Babu ilikuwa ileile ya baba yake, imezaliwa upya mwaka baada ya mwaka. Mgodi ulikwisha kufungwa, baba huyo amezikwa, nyumba yake imebomolewa. Liki ndiyo iliyobaki.

Mwezi Mei kifua cha Babu kilimshinda, ikabidi apelekwe hospitali. Kabla gari la wagonjwa halijaondoka, alimwita Dorrie dirishani na kumpa ufunguo wa bustani.

"Mama yako ataziua kwa kuzimwagilia mno," alisema huku akihema. "Mjomba wako ataziua kwa uvivu. Wewe nakuamini, kipenzi. Na usimwonyeshe mtu. Hasa Tait."

"Simwonyeshi mtu, Babu."

Norman Tait alikuwa jirani wa bustani. Kati ya bustani yake na ya Babu palikuwa na ukuta wa magunia, kama ilivyokuwa kati ya bustani zote za Netherlaw. Kila mzee alikuwa na ukoo wake wa liki, na chakula chake cha siri cha kuzilisha: bia, sukari guru, masizi, samadi ya kondoo. Kuchungulia bustani ya mwenzio kulikuwa kosa lililosimuliwa hadi kwa wajukuu.

Mwezi Juni Dorrie aliona mchirizi wa njano kwenye jani moja. Ulianzia chini, ukapanda hadi ncha, mwembamba kama uzi. Juu ya jani palikuwa na vidukari wachache, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Akawapuliza kwa mdomo, akakata lile jani kwa mkasi, akalifukia.

Wiki iliyofuata michirizi ilikuwa kwenye miche minne. Angeikata yote, ingebaki mashina matupu. Dorrie akawaza sana, kisha akafanya jambo ambalo hata wanasayansi wakubwa hawajawahi kulifikiria: akachukua wanja wa kijani wa mama yake, ule wa kupaka juu ya macho, akaipaka michirizi. Kwa siku kadhaa liki za Babu zilikuwa ndizo zilizorembeka kuliko zote Northumberland. Kisha ikanyesha mvua.

Jumapili akaenda hospitali.

"Watoto wangu hawajambo?" Babu aliuliza kabla hata ya salamu.

"Hawajambo. Wamenenepa."

"Tait amechungulia?"

"Hajathubutu."

Babu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja kumwinua. Dorrie aliangalia sakafu. Alikwenda akiwa amejiandaa kusema. Lakini ule uso wa Babu ulivyong'aa aliposikia neno "wamenenepa"! Akajiambia atasema Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata hakusema vilevile.

Kufikia Julai hapakuwa na mche hata mmoja uliokuwa mzima. Majani yalijikunja na kulegea kama masikio ya mbwa aliyepigwa, na mashina yaliyotakiwa kunenepa kama mkono wa mwanamume yalibaki membamba. Dorrie hakuweza kula. Darasani aliulizwa mji mkuu wa Ufaransa, akajibu, "Njano."

Hatimaye alimwambia rafiki yake Lynsey.

"Ni Tait," alisema Lynsey bila kufikiri. "Kaweka sumu. Yule mzee ana uso wa sumu."

"Una uhakika?"

"Babu yako mwenyewe si alikuonya juu yake? Twende tukachungulie. Tukimkuta na chupa, tunaita polisi."

"Tukikamatwa je?"

"Wewe una la kupoteza?"

Hakuwa nalo. Wakapanda juu ya pipa, wakatoboa tundu kwenye gunia, na Dorrie akaweka jicho.

Norman Tait alikuwa amepiga magoti kwenye tope mbele ya liki zake. Mkononi hakuwa na chupa ila mkasi. Alikuwa anakata jani lenye mchirizi wa njano, taratibu, kama anayemnyoa mtoto mchanga. Ndoo iliyokuwa kando yake ilijaa majani ya namna hiyohiyo. Alikata, akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akakata tena.

"Ana chupa?" Lynsey alinong'ona.

"Shuka," alisema Dorrie. "Shuka, tafadhali."

Hakulala vizuri siku hiyo. Alikuwa ameelewa jambo moja lililo wazi na la kutisha. Kama Tait alikuwa anaficha, basi huenda na wengine walikuwa wanaficha. Netherlaw nzima ilikuwa imejifungia nyuma ya magunia, kila mtu na mkasi wake, huku wadudu wakiingia kila bustani bila kubisha hodi.

Kesho yake jioni aling'oa mche mmoja, akaubeba hivihivi na udongo wake hadi klabuni. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka meza ya biliadi. Ridley Dodds, mwenyekiti, alimwona kwanza.

"We binti, watoto hawaingii hapa."

"Siingii, Mzee Dodds. Naweka hiki, natoka."

Akaulaza mche juu ya kitambaa cha kijani cha meza. Tope lilichuruzika kuelekea kwenye shimo la kona. Katika siku nyingine yoyote, jambo hilo pekee lingemfanya afukuzwe kijijini.

"Hii ni ya Babu," alisema. "Zote ziko hivi. Nilizificha tangu Juni. Nimemdanganya Babu kila Jumapili. Sijui la kufanya."

Mtu mmoja akasafisha koo. Mwingine akaitazama bia yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani ya glasi. Dorrie alikwisha kugeuka kuondoka, ndipo Norman Tait akavua kofia.

"Zangu pia," alisema.

"Tait!" Dodds alishtuka. "Wewe ulituambia mwaka huu utatuaibisha sote!"

"Niliwaambia. Na wewe je, Ridley? Mbona umeongeza urefu wa magunia yako?"

Dodds akakaa. "Nusu ya bustani," alisema. "Nusu ya juu. Basi... bustani yote."

Mmoja baada ya mwingine wakasema. Walikuwa watu waliokaa chini ya ardhi maisha yao yote, walioopoa wenzao kwenye vifusi, na sasa walikuwa wanaungama majani ya njano kama watoto waliovunja kioo cha dirisha. Hapakuwa na aliyecheka.

Dodds alipiga simu chuo cha kilimo. Alikuja Bi. Fenwick, mama mrefu aliyevaa koti la mvua. Alipita bustani kwa bustani, na kwa mara ya kwanza tangu Netherlaw iwe Netherlaw magunia yalifunguliwa mchana kweupe. Aligeuza majani, akawaonyesha vidukari waliojibanza kwenye mikunjo.

"Hawa wenyewe si ugonjwa," alieleza. "Ugonjwa ni virusi. Kidukari anachoma jani bovu, mdomo wake unabeba virusi, anaruka kwa jirani, anachoma jani zima. Kazi ya muda mfupi tu. Ukipuliza dawa, atakuwa ameshaambukiza kabla hajafa."

"Tukikata majani mabaya?" aliuliza Tait.

"Virusi viko mche mzima, Bwana Tait. Na vitoto vyake vyote vinazaliwa navyo."

"Dawa yake?"

"Hakuna. Ng'oeni zote, mchome zote. Pamoja na zile za kutolea vitoto."

Lynsey, ambaye alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, akaenda kutafuta koleo.

Babu aliruhusiwa kutoka hospitali siku ya kuchoma. Dorrie alikuwa amemwandikia yote, kwa sababu alijua hangeweza kuyasema akimtazama. Babu alishuka garini akiwa na fimbo, akapita katikati ya wazee waliomwachia njia, akasimama mbele ya lundo. Liki za baba yake zilikuwa juu kabisa, bado hazijashika moto.

"Nisamehe, Babu," alisema Dorrie. Alikuwa analia waziwazi. "Uliniamini. Ningesema mapema..."

"Ungesema mapema, tungechoma zangu tu, na kwa majirani mche mmoja hapa, miwili pale. Hilo ni kweli, na sitakudanganya kuwa si kweli." Babu alipumua kwa taabu. "Lakini sikiliza na mengine. Sikilizeni wote. Ule mchirizi niliuona mimi. Mwaka jana, kwenye liki mama. Nilijua si kitu kizuri. Nikakata jani, nikachukua vitoto vyake hivyohivyo, kwa sababu nilishindwa kuchoma kitu cha baba yangu. Niliyewaletea haya ni mimi."

Norman Tait akamsogelea. Wote walingojea.

"Mzee mpumbavu we," alisema Tait, na akampa kiberiti. "Haya, washa. Ni zako."

Babu aliwasha. Liki mbichi haziungui vizuri. Zilitoa moshi mzito wenye harufu ya vitunguu uliokaa juu ya kijiji hadi jioni, na kila mtu alipata kisingizio cha kufuta macho.

Septemba hapakuwa na mashindano. Majira ya kuchipua yalipofika walipanda mbegu, zile za kununuliwa dukani kama mtu yeyote, kwa kuwa Bi. Fenwick alisema virusi vile havipiti kwenye mbegu. Zikaota liki nyembamba kama penseli. Kupata ukoo mpya mnene kungechukua miaka mingi, mingi kuliko ambayo kifua cha Babu kingempa, na yeye alilijua hilo. Alikaa kwenye kiti chake bustanini, blanketi magotini, akizitazama. Hakuzisalimu.

Mwezi Mei Dorrie aliona mchirizi wa njano kwenye jani moja. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye mkasi. Akasita. Kisha akajaza pumzi na kupiga kelele hadi kunguru wakaruka:

"Kwetu kuna njano! Jamani, njano kwetu!"

Tait alikuja mbio, Dodds nyuma yake na kijiko cha chai bado mkononi. Wakang'oa mche, wakakagua mingine, wakaenda kukagua na ya kwao. Ulikuwa mmoja tu. Ukachomwa kwenye ndoo.

Babu Cuddy alimvuta mjukuu wake karibu na kiti.

"Umeona? Ugonjwa ukisemwa siku unapoonekana, ni kazi ya ndoo moja. Mimi nilikuwa na miaka sabini na mitatu na sikuweza kupiga ile kelele. Nilimwonea aibu Tait, nikapoteza kila alichoniachia baba yangu, na cha wenzangu pia. Wewe usingoje kuzeeka ndipo ujifunze."

"Ndiyo, Babu."

Babu akaziangalia zile penseli za kijani zikitikisika kwa upepo. Kisha akainamia iliyokuwa karibu zaidi, polepole, kama mtu anayefanya jambo asilolitaka.

"Hujambo," aliiambia.